Mama Efrazia, Uliyekula na Helena

Mwaka umepita sasa, Mama Efrazia, tangu tukulaze kwenye udongo wa Bashay, kando ya shamba lako la maharage. Naandika mimi Oliva, binti yako wa kwanza, kwa niaba ya familia. Baba mkubwa Qamara alitaka tuandike kwamba uliondoka kwa amani. Hapana. Uliondoka na wasiwasi juu ya mtu mmoja, Helena, mke wa mdogo wangu Vicent, na wasiwasi huo ukatuachia sisi.

Nani hakukujua? Uliimba ukizoa samadi, tena ulikuwa hujui sauti ya kwanza wala ya pili, ukaziimba zote. Jumuiya ulichelewa kila wiki, kwa sababu njiani ulimpitia mzee Margwe, aliyebaki peke yake, ukamwashia moto. Wanunuzi wa maharage walipoanza kuja na malori yao, kila mmoja na bei yake, uliwachemshia chai hata waliokupunja. Baba akakuita mjinga. Ukacheka: "Mjinga anayelala usingizi, Lukasi. Wewe mwerevu unakesha." Baba naye akacheka, akaomba chai.

Tulikuuliza furaha hiyo unaitoa wapi, na nyumba yenyewe inavuja. Ulisema furaha ya Mkristo haishuki tu kama mvua. "Inalimwa. Kila siku, na jembe ni lile lile la jana." Sisi tukadhani ni maneno ya kanisani.

Ndipo mwaka ule tulipoambiwa sisi si wa Arusha tena, ni wa Mkoa wa Manyara, Helena akajifungua mtoto aliyekwisha kufa. Wa mbali huenda hawajui. Kwetu mama aliyepatwa na hilo hutengwa, na kutengwa huko tunakuita metimani. Hachoti maji kisima cha wote, haingii nyumba ya mtu, na hakuna anayekula naye, mpaka wazee waseme yamekwisha. Watu wanaogopa asije akawaletea kifo. Wanaogopa hata wale wanaotuongoza sala. Baba ni mwenyekiti wa kigango chetu, na ndiye aliyemjengea Helena kibanda nyuma ya zizi. Vicent, mume mtu, akakimbilia machimboni Mirerani, eti kutafuta maisha. Mkewe akabaki anatoka maziwa ambayo hayakuwa na wa kuyanyonya.

Wewe ulishindwa kuvumilia. Ulibeba ugali na mboga ya mnafu mchana kweupe, majirani wakikutazama, ukaingia kibandani, ukaketi, ukala na Helena sahani moja. Ulipotoka Baba alikuwa anakusubiri.

"Efrazia, umetuletea nini hapa nyumbani?"

"Sahani chafu. Nitaiosha."

"Usinitanie. Watu watatukimbia."

"Yesu alipomgusa mwenye ukoma, aliwauliza wazee kwanza?"

"Wewe si Yesu!"

"Ndiyo maana nimeanza na ugali."

Tulicheka, Mama, lakini Baba alisema kweli. Watu walitukimbia. Wanawake wakikuona kisimani, waliinua ndoo zao na kuondoka hata hazijajaa. Zamu yetu ya jumuiya ilipofika, tukasikia tu kwamba wanasali kwa mtu mwingine. Wewe uliendelea kwenda kibandani kila siku. Mara moja nilikukuta jikoni unalia, na moto ulikuwa haujawashwa hata niseme ni moshi. Nikakuuliza kwa hasira, "Ndiyo furaha gani hii, Mama?" Ukajifuta na kanga. "Nilisema inalimwa. Sikusema haichoshi."

Baridi ya Julai ikakukamata kifua. Kwetu mgonjwa hubebwa kwa machela na majirani hupokezana. Hata mliyegombana naye huja kushika mti. Safari hii hawakuja. Baba alizunguka nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ilikuwa na udhuru wake. Machela yako ilibebwa na Baba, mzee Margwe, mimi, na Helena, aliyetoka kibandani bila ruhusa ya mtu. Maskini Margwe alikuwa anahema kuliko wewe, tukawa tunakutua kila baada ya kilima. Zahanati wakatuambia ni homa ya mapafu na tumechelewa. Mabega mengine yangekuwepo tusingechelewa. Anayekasirika kwa kusoma hivyo, na akasirike.

Kabla hujanyamaza ulimshika Baba mkono. "Lukasi, yule mtoto Helena asile peke yake. Kula naye." Baba akaangalia chini. Alikuwa bado anaangalia chini ulipokata roho. Inaniuma mpaka leo kwamba hukujibiwa.

Baada ya mazishi baba mkubwa Qamara akatamka mbele ya waombolezaji kwamba Helena ndiye aliyekuletea kifo. Baba hakumkanusha. Helena akafunga nguo zake, akarudi kwao Gitting.

Baba aliendelea kutuongoza sala, mpaka Jumapili moja, katika Baba Yetu, alipofika kwenye mkate akanyamaza. Kesho yake akapanda gari la Katesh, akafika hadi Gitting kwa kina Helena. Alitusimulia mwenyewe, na unajua Baba si mtu wa kusimulia. Aliketi akamwambia, "Mwanangu, nina njaa." Helena akasonga ugali, wakala sahani moja. Walipomaliza akamwomba arudi nyumbani. Helena akamjibu kwa heshima zote: "Nimekusamehe, Baba. Lakini kule nilikuwa na mtu mmoja tu, naye mmemzika."

Hajarudi, Mama. Pengine hatarudi. Amekubali kuja siku moja tu, ya misa yako.

Tunaokukumbuka ni mumeo Lukasi, wanao Oliva, Baltazar, ambaye siku ya machela alikuwa safarini, na Vicent aliyeko Mirerani, asiyejibu salamu zetu, wajukuu zako, mzee Margwe, na mkweo Helena, ambaye baba mkubwa Qamara alitaka jina lake tulifute. Hakuna hata mmoja wetu atakayeweza kukusahau.

Misa ni Jumamosi ijayo kigangoni Bashay, kisha chakula nyumbani. Baba ametuagiza tuweke maneno yake hapa kama alivyoyatamka: "Helena ndiye atakayepakua, na mimi Lukasi nitakuwa wa kwanza kunawa mikono. Anayeogopa abaki kwake."