Nyanya, Mimi Pia Nina Macho Makavu

Nyanya,

Jumanne nilipiga kelele mbele ya watu. Mimi, Sakina wako, ninayenunua chumvi kwa kunyoosha kidole ili nisiseme na mwenye duka. Nilisimama mlangoni kwa masista, benchi zote mbili zimejaa wagonjwa, nikatoa sauti ambayo nadhani iliwafikia wavuvi ziwani.

Najua umeshaanza kucheka. Ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana ulikuwa ukisema nasimulia kama mtu aliyefungua kitabu katikati.

Unakumbuka siku ya kwanza tulipokwenda kwenye ile zahanati. Macho yalikuwa yamekusumbua tangu ulipokuwa ukichemsha mawese kule Kigwena. Kila mtu alisema ni moshi, yatapona. Hayakupona. Ulisema ukipepesa ni kama una mchanga wa ufukweni chini ya kope. Daktari wa macho yuko Bujumbura, na kwa vita hivi barabara ya Magara leo inapitika, kesho hakuna gari linalothubutu. Kwa hiyo tukaenda kwa Sista, yule mzee anayekanda viungo vya watu na asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji.

Sista akakuchungulia kope kwa kioo chake cha kukuzia, akaniambia kwa Kifaransa kwamba macho yako ni makavu. Mimi ndiye niliyekuwa mfasiri. Nilikuwa nimevaa sare ya shule, nikataka kufasiri vizuri, kwa lugha ya kitabuni. Nikasema: "Nyanya, Sista anasema wewe ni mkavu wa macho."

Jirani yetu Mama Ashura, aliyekuja na goti lake, akapiga makofi. "Ebu! Mutoto anatukana nyanya yake mbele ya sista!"

Nilitamani sakafu ifunguke. Ni wewe uliyeniokoa. "Hajatukana," ulisema. "Kwani uongo? Ningekuwa na haya, ningemupata babu yake? Mimi ndiye nilimufuata!" Watu wakaangua kicheko, hata yule mwanajeshi aliyefungwa bendeji mguuni, na Sista akacheka pia bila kujua anacheka nini.

Kisha ikaja ile taa. Sista alikuwa nayo kwa ajili ya mabega na miguu, na siku hizi wengi wanaoitumia ni watu wa risasi. Taa nyekundu, yenye shingo ndefu kama korongo. Alisema tuijaribu kwenye macho yako: yafumbwe kabisa, taa ikae mbali kidogo, dakika kumi. Nikafasiri kwa uangalifu mkubwa kwamba machozi ya mtu yana utando mwembamba wa mafuta juu yake ili yasikauke upesi, na kwamba mafuta hayo hutoka kwenye vitundu vidogo pembeni mwa kope. Yakiganda, machozi yanakauka na jicho linachoma. Nilijua hutaelewa. Nilikuwa nimesoma ukurasa mzima wa biolojia na mwenyewe sikuelewa.

Ukaniambia, "Sakina, hiyo iko rahisi. Ni mawese ya asubuhi."

Kweli. Asubuhi ya baridi mawese huganda kwenye kidumu hata ukikipindua hayatoki. Ukikisogeza karibu na moto, yanaanza kutembea. Nilimwambia Sista maneno yako, akayaandika kwenye daftari lake. Nyanya, mimi nimesoma miaka kumi na sijawahi kusema kitu kilichoandikwa na Sista.

Ulipotoka chini ya taa uso umewiva, ukajitazama kwenye kioo cha dirisha: "Leo ndio nimekuwa nyanya kweli, ya kukaangia ndagala!"

Na ule ubishi wetu? Mimi nilishikilia kwamba ni joto. Wewe ulishikilia kwamba ni wekundu, kwa sababu mawese ni mekundu na jamaa humjua jamaa. Umeme ukikatika, ulikuwa unachovya kitambaa kwenye maji ya moto, unakikamua, unakijaribu kwanza kwenye mkono, ndipo unakiweka machoni, na nafuu unaipata vilevile. Nikasema, "Umeona? Hakuna taa, kuna joto tu." Ukanyanyua upande mmoja wa kitambaa ukanitazama kwa jicho moja: "Na kitambaa iko rangi gani?" Kilikuwa chekundu. Nilishindwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nilikuficha, nawe ulilijua. Ulinikuta nasugua macho juu ya kitabu, nikasingizia moshi wa taa ya kitadowa. Ukasema, "Mutoto, hayo macho nayajua. Yalikuwa yangu kwanza." Ukaniambia niende kwa Sista, na niseme mwenyewe. "Siku nitakuwa siko, nani atakusemea?"

Lakini kwa Sista hupiti bila kupita kwa planto, yule mzee wa mlangoni anayeandika ugonjwa wako kwenye kadi wanayoiita fishi. Tangu bomu lilipoanguka karibu na nyumba yake hasikii vizuri. Kila mtu lazima apige kelele ugonjwa wake. Nilikuwepo siku yule bwana aliponong'ona habari za tumbo lake mara tatu, mpaka benchi zima likamsaidia kupaza sauti. Mimi nife kwanza, nilijiambia.

Badala yake ukafa wewe. Mwanzoni mwa kiangazi, asubuhi, baada ya chai, bila bomu wala risasi, jambo ambalo watu wa mtaa bado wanalitaja kwa wivu kidogo.

Na mimi sikulia. Hapa lazima nikuambie ukweli. Nilikaa na wanawake kwenye mkeka, kifua kimejaa, macho yanachoma kama pilipili, na hakuna tone. Mama Ashura akamwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti: "Kweli huyu iko mukavu wa macho." Safari hii hakuna aliyecheka. Hukuwepo kunijibia. Nikatazama mkeka.

Baada ya hapo macho yakazidi. Nikisoma kurasa mbili herufi zinavaana. Mtihani wa taifa uko mwezi ujao, na mjomba ameshasema nikishindwa hakuna kurudia, nitakwenda Kigwena kuchemsha mawese. Si kazi mbaya, ndiyo iliyonilea. Lakini huko hakuna vitabu, na moshi ungenimalizia macho. Mara mbili nilifika kwenye geti la masista nikageuka nyumbani.

Jumanne nikaingia.

"Unaumwa nini?" akauliza planto.

"Macho," nikasema kwa sauti yangu ile.

"Kichocho?"

"Hapana, ma..."

"Kichocho!" akatangaza, na kalamu yake tayari iko kwenye fishi. "Hiyo ni laboratwari. Kamata kikopo, lete mukojo!"

Nyanya, vichwa vyote viligeuka. Kulikuwa na wavulana wawili wa darasa letu. Na mimi, sijui, kitu kilipanda kutoka miguuni. "Si kichocho!" nikapiga kelele. "Ni macho! Nina macho makavu! Mimi ni mkavu wa macho!"

Kikazuka kicheko, kile kile cha siku yako. Planto mwenyewe akaweka kalamu chini akasema, "Hiyo nimesikia." Mama Ashura alikuwa kwenye benchi, akacheka huku ameshika goti. "Mujukuu wa nyanya yake! Kuya, ikala hapa." Akajisogeza. Nilipokaa akaniambia polepole, "Siku ile ya matanga sikujua kama iko ugonjwa. Unisamehe, mutoto." Nikamshukuru kwa Kirundi, murakoze, nikashangaa kwamba sauti bado ilikuwepo.

Chini ya taa, macho yamefumbwa, dunia yote ni nyekundu. Vumbi linanukia kwenye balbu. Kiti ni kile kile chako, mguu mmoja mfupi. Nikakumbuka kidumu karibu na moto, na jinsi ulivyokuwa ukikipigapiga ubavuni kukihimiza: "Haya, tembea, tembea." Basi yakatembea. Yakashuka mpaka kidevuni, wala sikuyafuta.

Sista alipozima taa alifurahi mno. Akaandika kwenye fishi yangu kwamba baada ya dakika kumi za kwanza tu machozi yamerudi. Nilisoma. Sikumsahihisha.

Ameniambia taa haiponyi kwa siku moja, na kwamba watu wa vitabu husahau kupepesa. Sasa nimeandika PEPESA juu ya kila ukurasa wa daftari. Jana nimesoma sura nzima ya historia. Herufi zilikaa mahali pake.

Ijumaa umeme ulikatika. Nikachukua nafasi hiyo kumaliza ubishi wetu: nikachovya kitambaa cheupe. Kimefanya kazi vilevile, Nyanya. Ni joto. Nimeshinda.

Lakini tangu asubuhi iliyofuata natumia chekundu chako.

Nakuahidi nitaingia kwenye mtihani macho yamefunguka, na penye kusema nitasema mwenyewe, hata mbele ya planto. Ukipewa nuru huko kaburini, nami naomba upewe nyingi, kama kuna kuchagua rangi, najua utakayoitaka.

Mjukuu wako, mkavu wa macho,

Sakina