Maneno Ambayo Mama Zuhura Hakuyasema

Dokta, shikamoo.

Nimezoea kungoja kidogo hapa mpaka uitikie, ndipo niendelee. Leo nitaendelea tu. Nimekaa kwenye ukuta mfupi wa makaburi ya kanisa, huku kwenu Mamboya, karatasi nimeipakata. Ninaogopa, Dokta.

Kaburi lako wadogo zako wamelijengea vizuri. Ofisini meza yako amepewa mtu mwingine, kikombe chako hakijulikani kilipo, na utafiti wetu wa tembo na wakulima wa Mikumi ameushika yule mwenzako tuliyekuwa tukimwita Bwana Haraka. Tulikuwa tukimcheka, wewe na mimi. Sasa ndiye bosi wangu, na ndiye atakayeamua kama mkataba wangu utaendelea.

Wiki hii alinitumia makala. Jina lako limetangulia, lake linafuata, langu la mwisho. Nilifurahi, nikasema kumbe kazi ya Dokta haijafa. Nikaanza kusoma, na ilikuwa sauti yako. Hata ile tabia yako ya kufungua aya kwa swali ilikuwamo. Nywele zilinisimama, maana nilikuwepo ulipozikwa. Nilipomuuliza, alijibu bila aibu kwamba ameipa akili mnemba makala zako zote za zamani ijifunze kuandika kama wewe. Eti ndiyo namna yake ya kukuenzi.

Hilo labda ningelimeza. Lakini kuna mahojiano tuliyoyaacha njiani ulipougua, na mapengo yale nayo mashine imeyajaza. Watu wamesemeshwa wasiyoyasema, Dokta. Mmoja ni "mjane mkulima wa ufuta, jirani na daraja la kijiji," na kwenye alama za kunukuu kabisa anasema: "Tembo akirudi shambani kwangu nitamtegea sumu." Kijiji kizima kina mjane mmoja tu anayelima ufuta karibu na daraja. Ni Mama Zuhura.

Kuna jambo hulijui, limetokea ukiwa umeshaondoka. Tembo amekutwa amekufa nyuma ya mashamba yale, na askari wa hifadhi bado wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza. Makala hiyo ikitoka, akaisoma mmoja wao, watakwenda moja kwa moja kwa yule mama. Nani atamwamini akikana, wakati Dokta mwenyewe kaandika?

Unakumbuka siku ile kwake? Hukuwahi kuchapisha neno la mtu kabla ya kurudi kumsomea. Kazi hiyo uliiita kurudisha maneno. Mimi nilinung'unika njia nzima, jua kali, wenzetu wanatoa makala kila leo na sisi tunazunguka na hiyohiyo. Tukakaa kwenye mkeka wake, kamba zake za pilipili na oili chafu za kufukuzia tembo zinanuka uani, ukamsomea polepole. Kila ulipotua alisema, "Hayo ni yangu." Ulipofika pale alipowatukana askari, alicheka akafunika uso kwa khanga: "Hilo litoe mwanangu, nilikuwa na hasira." Ukalitoa, ingawa ndilo lililokuwa tamu kuliko yote. Kwenye gari nilikulaumu. Ukaniambia, "Ni lake, Neema. Sisi tumeazima tu."

Juzi nilikwenda kwake peke yangu. Nikamsomea yale ya sumu. Akauliza ni nani aliyesema. Nikamjibu ni mashine. Akataka kujua mashine hiyo ilikuja lini shambani kwake, maana hakumbuki kuikaribisha. Nikakaribia kucheka. Kisha akaniuliza lile lililonileta huku: "Na Dokta amekubali?"

Hakuwa na habari kwamba umefariki. Nilimwambia mimi, pale pale mkekani. Alikulilia wewe na akajililia mwenyewe, na alipopita mtu barabarani amevaa kijani kama askari wa hifadhi, alinishika mkono niifiche karatasi. Mama yule anafukuza tembo kwa kugonga sufuria. Sikuwahi kumwona anaogopa.

Nilimwambia Bwana Haraka ayatoe maneno yale ya sumu. Akasema ninakuza mambo, eti maana haibadiliki, wakulima wote ndivyo wanavyofikiri. Jarida linataka kila mwandishi aliye hai athibitishe, na nimebaki mimi tu. Leo amenipigia nikiwa Dumila nasubiri gari la kuja huku. Alikuwa mpole mno. Alisema anaufikiria sana mkataba wangu. Upole ule umenitisha kuliko kama angenifokea, na unamjua mama yangu, hana mwingine wa kumtegemea.

Basi nimefanya kitu cha kichaa kidogo. Nimekusomea. Makala yote, kwa sauti, kuanzia jina lako, mpaka mama mmoja aliyekuwa akipalilia ng'ambo ya ukuta akasimama kunitazama. Kila mwisho wa aya nilinyamaza, kama ulivyokuwa ukinyamaza, ili mwenye maneno aseme. Nilipofika kwenye sumu nilisoma mara mbili.

Nimengoja sana. Hukusema ni yako.

Kwa hiyo nimewaandikia jarida hapahapa, kwa simu, na mtandao wa kilima hiki unavyokuja na kukatika. Nimewaambia mjane huyo hakusema hayo, marehemu hakuyaandika wala hakuyasoma, na mimi sikubali jina langu wala la Dokta wangu likae juu ya makala hiyo. Nimebonyeza kutuma. Sitakudanganya kwamba nimekuwa jasiri. Kama kungekuwa na kitufe cha kuirudisha, ningekuwa nimeshakibonyeza.

Lala salama, Dokta. Nakuahidi kitu kimoja. Barua hii nayo imemtaja Mama Zuhura, imetaja hata machozi yake. Haitatoka mkobani mwangu mpaka nirudi kwake nimsomee yote. Akisema hilo litoe, nitalitoa.

Simu inaita. Ni Bwana Haraka. Imekatika, inaita tena.

Shikamoo, Dokta. Ngoja niipokee.

Mwanafunzi wako,
Neema