Kipimajoto cha Friji ya Mama

Juu ya karakana ya redio,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Shemeji hajambo? Mgongo wake umepata nafuu? Na mapacha, bado wanagombania kiti cha dirishani? Huku tu wazima. Mama anakula, anacheka, na ananisema kuanzia chai ya asubuhi, kwa hiyo ujue ni mzima kweli.

Nakuandikia kwa sababu juzi uliikata simu kabla sijamaliza. Barua haikatwi. Kaa chini, usome mpaka mwisho.

Ulisema mwisho wa mwezi unakuja kumchukua Mama akakae kwako, kwa kuwa hapa dawa yake ya sukari inaharibika. Ni kweli iliharibika. Muuguzi aliikagua akasema imeganda, na dawa ya sindano ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka. Ndiyo maana sukari ilipanda mpaka Mama akaanguka mlangoni. Sikufichi, Kaka, kosa lilikuwa langu. Lakini nimelitafuta mpaka nimelipata.

Kile kipimajoto cha friji nilikitengeneza mwenyewe kwa vipuri vya hapa kazini. Dawa inataka digrii mbili mpaka nane. Chenyewe kikawa kinasema tisa, mara kumi. Nikaongeza baridi. Kikasema tisa. Nikaongeza tena. Kumbe friji inagandisha, na kile kijitu kinanidanganya macho makavu!

Mama alipoanguka nikaapa sitapumzika. Dawa mpya muuguzi akatuwekea kliniki, Mama akawa anafuata sindano huko, nami nikakifumua kipimajoto chote. Nikapiga lehemu upya. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha chaja. Wapi! Nikaponda barafu, nikaitia maji, nikakoroga, nikatumbukiza ncha yake ya kupimia humo, maana barafu inayoyeyuka ni sifuri, haina ubishi. Kikasema sifuri. Nikakirudisha kwenye friji, tisa! Nikaazima kipimajoto cha kioo kwa mfamasia wa hapo chini, nikavilaza pamoja frijini. Cha kioo kikasema mbili chini ya sifuri. Nusura nikitupe changu dirishani.

Sasa sikiliza, na usicheke. Unamjua Mama. Redio ina kitambaa, simu ina kifuko, hata birika lina kofia. Kipimajoto nacho alikifumia kifuko cha nyuzi za sweta, kibao cha vipuri na ncha yake humo humo. Nami kila nikikipima nakivua, nikikirudisha nakivika, nisimuudhi. Kile kibao kikiwaka hutoa joto kidogo. Ndani ya kifuko joto lilikosa pa kutokea, ncha ikawa inapima jasho la mwenzake. Miezi miwili mizima fundi mzima sikuona!

Nilipomweleza Mama, alishika kiuno. “Nilikiona uchi kwenye baridi yote ile, nikakihurumia. Huruma nayo imekuwa kosa?” Nilicheka, halafu nikalia.

Sasa kibao kiko nje, ubavuni mwa friji, akivike atakavyo. Ncha nimeirefushia waya, iko peke yake ndani ya kichupa cha maji, ili mlango ukifunguliwa isishtuke. Kwa siku kumi na tano, asubuhi na jioni, nimekilinganisha na cha mfamasia, havijapishana hata digrii moja. Baridi ikizidi au ikipungua kinapiga kelele mpaka nasikia nikiwa chini karakanani. Alhamisi muuguzi alikuja, akakagua, akarudisha dawa nyumbani. Sukari ya Mama imeshuka.

Lakini kuna jambo limeniuma. Jana nilimkuta anawagawia majirani vitambaa vyake. Nikamuuliza kulikoni. Akasema kwako hakutakuwa na pa kuvitandika. Hakulalamika, alikuwa anavikunja tu. Kaka, Mama hatakwambia hataki. Anaogopa kuwa mzigo kwako, na kuwa mzigo kwangu. Mimi ndiye nakwambia, na hata ukikasirika nitasema tena.

Msalimie sana Shemeji, nibusie mapacha, na shangazi umwambie viatu alivyonitumia vilinitosha. Mola akulinde na akufikishe salama.

Maana uje, tena uje kama ulivyopanga. Barafu nitaponda mimi, upime wewe kwa mkono wako, kisha ukilinganishe na cha mfamasia humo frijini. Ukikuta kimekosea, nitamfungia Mama mizigo mwenyewe, wala hutasikia neno. Kikisema kweli, basi uwe umekuja kumwamkia, na urudi peke yako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nisiyekubali kushindwa,

King'ang'anizi