Breki Mpya na Mafuta ya Mama

Jumamosi, 1 Machi

Nimerudi kutoka kwa mama. Nimechoka. Kila Jumamosi ni yale yale: kutoka hapa Ikutha kwa baiskeli, kuteremka hadi daraja la Athi, kupanda upande wa Makueni, kumpa dawa zake za presha, kumchotea maji, kusikiliza habari za kuku. Halafu kurudi. Hataki kuhamia kwetu. Nimeacha kumuuliza.

Leo wakati wa kurudi, kwenye mteremko, nilibana breki zote mbili hadi vidole vikauma. Baiskeli ikaendelea na safari yake. Mbele kulikuwa na mbuzi. Nikachagua kichaka. Mke wangu, Mwende, amenitoa miiba mgongoni mmoja mmoja. Alipomaliza akasema, "Ukianguka tena, hii baiskeli yako ya racing naiuza. Utaenda kwa mama na boda kama watu wengine."

Ataiuza kweli. Naogopa. Shuleni naitwa, nyumbani naitwa, kwa mama naitwa. Juu ya baiskeli tu ndiko hakuna mtu ananiomba kitu.

Jumatatu, 3 Machi

Nimezikagua breki. Raba zimekauka, ngumu kama kwato. Na si raba tu. Vyuma vyenyewe vinapinda ukivuta. Ni vya kizamani, vilikuja na baiskeli hii ya mtumba. Kubadilisha raba peke yake ni kumpaka maiti poda.

Madaftari ya Form Two hayajasahihishwa. Yalale.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetumwa Kitui kuchukua karatasi za mitihani. Nikapitia sokoni kwa fundi wa baiskeli za mtumba. Kwenye ndoo yake ya vyuma nimepata pea ya breki za kisasa zaidi. Zinabana rimu vilevile, ila mikono yake miwili inasukuma kwa pamoja na chuma hakipindi. Nimerudi na matatu nimezipakata. Mitihani ilikaa chini, kati ya miguu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimezifunga nilipotoka shule. Waya mpya, raba mpya. Raba inatakiwa iguse rimu kwa ncha ya mbele kwanza, la sivyo inapiga kelele. Nimekunja kipande cha pakiti ya unga, nikakiweka kati ya rimu na ncha ya nyuma ya raba, nikakaza nati, nikakitoa. Kazi ya kuinama. Mgongo umekwisha.

Nimejaribu nje ya geti. Kidole kimoja tu na gurudumu la nyuma likainuka. Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu. Mwende alichungulia kutoka jikoni. "Tutaona kesho," akasema.

Jumamosi, 8 Machi

Ni usiku sana. Niandike hata hivyo.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Mteremko wote breki zilishika. Nilifika kwa mama nikiwa na furaha, na hilo ndilo kosa, kwa sababu nilimweleza habari za breki mpya. Kumbe walikuwepo kina mama wa kanisa lake, wamekuja kwa maombi. Kitu kipya hakitumiki hivi hivi kwao. Pikipiki huombewa, tangi la maji huombewa, hata cherehani. Mama akaleta chupa ya mafuta ya upako. "Wewe unaamini chuma, mimi naamini Ngai wa mbinguni," akasema. "Tuweke zote mbili." Nikashika usukani, nikafumba macho kama wengine. Waliomba sana. Nikasema amina.

Wakati wa kurudi, kwenye mteremko ule ule, nilibana. Hakuna kitu. Breki zilikuwa kimya, laini kabisa, na lori la mchanga lilikuwa linaingia darajani. Nilishusha miguu. Nilisimama kwenye rundo la mchanga kando ya barabara, soli za viatu zimeisha. Nikagusa rimu. Ilikuwa inateleza. Nikanusa vidole: harufu ya kanisa. Walipaka palepale penye hatari.

Jumapili, 9 Machi

Mwende ameviona viatu. Amempigia jirani anayetafuta baiskeli, na jirani atakuja Jumamosi jioni.

Nina hasira. Nikisema ni mafuta, habari itavuka mto kabla ya chakula cha mchana, na mama atajua kwamba maombi yake nusura yaniue. Ana presha. Hana kingine anachoweza kunipa siku hizi ila maombi. Nikinyamaza, baiskeli inakwenda. Nimenyamaza.

Jumatano, 12 Machi

Nimeosha rimu kwa sabuni na maji moto, mara mbili. Raba nimezisugua kwa msasa hadi zikarudi nyeusi. Sijui kwa nini najisumbua. Labda jirani asife.

Mwende alikuja kuanua nguo, akaokota kitambaa nilichofutia. Akakinusa. Na yeye ni wa kanisa lile lile, tawi la huku. Aliangalia kitambaa, akaangalia rimu, akaangalia viatu vyangu mlangoni. Halafu akacheka hadi akakaa chini kwenye nguo safi. "Na umenyamaza tu?" Nikasema ndiyo. Akafuta machozi. Kisha akampigia jirani na kumwambia baiskeli haiuzwi.

Kitambaa amekichoma mwenyewe.

Jumamosi, 15 Machi

Dawa, maji, kuku. Mmoja anaatamia.

Nilipotaka kuondoka mama akatoka na chupa. Nikavua kofia, nikainama mbele yake. "Leo nipake mimi, mwaitu," nikamwambia mama. Mkono wake ni mwepesi sana siku hizi. Akanipaka kwenye paji la uso, mafuta mengi, akaniombea kwa Kikamba akiniita jina langu la utotoni. Sikufumba macho. Yaliyobaki kiganjani akayafutia kwenye kiti cha baiskeli. Kiti sawa.

Mteremkoni mafuta na jasho viliniingia machoni. Nilibana, baiskeli ikasimama katikati ya daraja. Hakukuwa na lori wala mbuzi. Nilitaka tu kusimama. Nikakaa hapo kidogo nikitazama mchanga wa mto, halafu nikaanza kupanda.