Mama Wivine Anatafuta Maneno

Jumanne, 11 Februari

Koili ya sumaku imepata joto tena kabla ya saa nne. Nimezima, nimekunywa chai, nimewasha. Mwezi wa pili kwenye kazi hii na bado nafurahi kama mtoto kidole kikiruka. Unaweka sumaku juu ya kichwa cha mtu, upande wa kushoto, tik, na kidole gumba cha mkono wa kulia kinaruka chenyewe. Leo kilikuwa changu. Kila mtafiti mpya hapa maabara lazima akalie kiti cha mgonjwa kwanza. Nimecheka mpaka fundi wa mashine akaniambia nitulie.

Mchana, jambo baya. Amekuja mama mmoja kutoka kitongoji cha Isipingo na mume wake. Wakongomani, wauza vitenge. Kiharusi kilimpiga mwaka jana, kikamwachia miguu, kikabeba maneno. Limebaki moja tu: "iko." Unamuuliza jina, "iko." Unamuuliza kama anaumwa, "iko, iko." Ndiye mgonjwa hasa tunayemtafuta. Sumaku kidogo, halafu mazoezi ya kutaja picha. Lakini vipimo vyetu ni vya Kiingereza na Kizulu. Wakaambiwa samahani.

Nimewasindikiza mpaka kwenye teksi. Mume, Papa Déo, aliongea njia nzima. Mama Wivine alinitazama tu. Kiswahili chake ndicho nilicholelewa nacho. Nina hasira sana.

Alhamisi, 13 Februari

Nimemwendea Profesa Nirmala. Mkuu wetu. Maneno machache, miwani kwenye paji la uso. Nimemwambia mji huu umejaa watu wanaoota kwa Kiswahili. Akauliza: Kiswahili kipi? Eish.

Mwishowe akanipa mlango, mwembamba. Nilete picha ambazo watu wa hapa wanakubaliana majina yake. Kamati ya maadili ikiridhia, nitapata mgonjwa mmoja wa majaribio. Akimaliza mazoezi, tutafungua kundi zima la Kiswahili. Akikatiza, basi.

Nimeshuka ngazi mbili mbili.

Jumamosi, 22 Februari

Siku nzima saluni kwa mama yangu, South Beach. Nimebeba picha zangu kama mwalimu wa chekechea. Wasusi wote na wateja wote wamekuwa jopo la wataalamu.

Picha ya jiko la mkaa. Wakongomani: mbabula! Warundi: imbabura! Wakapigana viganja. Mtanzania aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha akasema hiyo siyo lugha, ni jiko. Vita. Picha ya mwavuli: wawili wakasema parapluie, Kifaransa kitupu, mmoja akadai hicho ni Kiswahili safi cha bibi yake. Picha ya ndege: mbona huyu wa kulia asubuhi ana jina moja na ile ya kupanda? Iliyowaunganisha kuliko zote ni ya taa za kuongoza magari barabarani. Wote kwa pamoja, kutoka kila nchi, kwa jina la mji huu: roboti!

Mama alitanua kifua. "Mtoto yangu Neema iko docteur wa bichwa," anamwambia kila anayeingia. Mteja mmoja akauliza kama natibu pia vya waume. Nimecheka mpaka nimelia. Sijawahi kufanya utafiti mtamu hivi. Picha zenye ubishi nimezitoa. Zilizobaki zinatosha.

Jumatano, 26 Machi

Kamati haijajibu. Nimewaandikia tena, kwa adabu. Papa Déo anapiga simu kila baada ya ibada. Namwambia bado. Nachukia neno bado.

Jumatatu, 7 Aprili

Wameridhia! Nimepiga kelele kwenye korido, mlango wa Profesa ukafunguka, ukafungwa. Nimempigia Papa Déo. Nikasikia nyuma yake sauti ya Mama Wivine: "Iko? Iko?" Aliuliza kabisa. Lile neno moja analipandisha na kulishusha kama wimbo.

Jumanne, 22 Aprili

Siku ya kwanza. Amevaa kitenge cha njano, kilemba cha njano, viatu vya kanisani. Nimemweleza kwa picha na kwa maneno yetu. Koili ziko mbili, zinafanana. Moja ina nguvu, nyingine inatoa sauti tu. Kompyuta inachagua. Hata mimi sijui anapata ipi, na sitajua mpaka utafiti wote uishe. Akanielewa vizuri. Aliinyooshea kidole kompyuta, akaikazia macho, kisha akacheka.

Tik, tik, tik. Alifumba macho kama mtu anayesukwa. Halafu picha. Iko. Iko. Iko. Si kitu. Siku ya kwanza.

Ijumaa, 25 Aprili

Mbaya. Picha ya kijiko. Alikuwa anakitafuta, nilikiona kikija, midomo imeshaanza. Papa Déo kutoka kwenye kiti cha nyuma: "Kijiko, mama. Ki-ji-ko." Anampenda, ndiyo shida. Mama Wivine akazirusha kadi zote. Zikaenda mpaka chini ya mashine. Akalia bila sauti. Nikaziokota kwa magoti, nami nikijizuia.

Jumanne, 29 Aprili

Hakuja. Papa Déo amesema amegeukia ukuta. Akikosa mara chache zaidi, sheria za utafiti zinamtoa. Profesa aliangalia kalenda, akazihesabu siku kwa ncha ya kalamu.

Nimekula bunny chow peke yangu kazini, mkate wote na mchuzi wake wote. Sikusikia ladha. Nawaza kundi langu la Kiswahili litakavyokufa kabla ya kuzaliwa. Namuwaza yeye zaidi. Naogopa.

Jumamosi, 3 Mei

Siwezi kuandika haraka ya kutosha.

Nimekwenda Isipingo. Si kumrudisha kwa nguvu, sina haki hiyo. Kumsalimu tu. Meza yao iko pembeni mwa stendi ya teksi, honi na muziki pande zote. Yeye amekaa kwenye kiti cha plastiki, anakunja vitambaa. Akanipa mkono, hakuniangalia.

Nikaona kitu. Wateja wanamsalimu, Papa Déo anaitikia. Wanamuuliza hali, Papa Déo anajibu. Jirani anamuuliza kama amekunywa chai, Papa Déo: amekunywa. Siku nzima hakuna anayemsubiri huyu mwanamke. Nikamvuta mzee pembeni, nikamwomba kwa heshima yote: Papa, tafadhali, leo umuachie nafasi. Akashangaa. Akaapa kwamba anamsaidia tu. Kisha akaweka mkono mdomoni, kweli kabisa, kama mtoto.

Akaja dada mmoja Mrundi. Akashika kitenge cha kijani, akauliza kama kinachuja rangi. Papa Déo akasahau kiapo chake papo hapo. "Hakichuji hata kidogo, dada! Unafua miaka kumi!"

Mama Wivine akainuka. Midomo ikafunguka, ikafumba. Papa Déo akataka kusema, nikamshika shati. Tukasubiri. Teksi ikapiga honi, tukasubiri.

"Mu... mu... muongo!"

Halafu, akimkazia macho mume wake: "Kinachuja!"

Soko lote la upande wetu likageuka. Papa Déo akakaa chini, palepale kwenye lami, analia na kucheka. "Ananitukana! Mungu asifiwe, bibi yangu ananitukana!" Yule dada Mrundi akasema mwenye duka mkweli hivyo hajawahi kumuona, akachukua viwili vya bluu. Mama Wivine akapokea pesa mwenyewe, akazihesabu, akanitazama. Safari hii alinitazama.

Nimerudi nikiimba ndani ya teksi. Dereva akaniambia sharp, sista, endelea.

Jumatatu, 5 Mei

Amekuja. Viatu vya kanisani tena. Papa Déo amebaki korido kwa hiari yake, na gazeti ambalo hakuligeuza ukurasa hata mmoja. Nimeuliza kama inaruhusiwa yeye kukaa nje. Inaruhusiwa.

Kijiko amekisema. Kwa taabu, mara mbili. Mara ya pili alikuwa anajionyesha.

Ijumaa, 16 Mei

Ng'ombe. Kiatu. Roboti. Mlango.

Na baada ya kazi, akivaa kilemba, bila kuulizwa, jina la bintiye: Wivine. Alilisema polepole, akalirudia, akalirudia. Nikajifanya naandika.

Ijumaa, 23 Mei

Kipimo cha mwisho. Profesa alisimama nyuma ya kioo. Mama Wivine hakutaja zote. Alizokosa ni nyingi. Lakini ile ya mwanamke anayefua, ambayo inahitaji sentensi nzima, aliitazama muda mrefu. Akasema, "Huyu mama... amechoka." Haimo kwenye majibu yetu. Ni jibu bora kuliko yetu.

Baadaye Profesa akanikalisha. Kundi la Kiswahili limefunguliwa. Niliongoze mimi, watu wa Isipingo, wa Point, yeyote atakayekuja. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui kama ni sumaku, au ni mazoezi, au ni mume kukaa korido. Huenda alipata ile koili ya sauti tu. Akashusha miwani. "Ungeniambia unajua, ningempa mtu mwingine."

Nimetoka nikikimbia. Saluni kwa mama wamezima mashine zote, wamecheza, mteja mmoja nywele nusu zimesukwa nusu hazijasukwa. Mama aliniinua juu. Mimi, mtu mzima. Nina furaha. Naiandika hivyohivyo: nina furaha.

Jumapili, 1 Juni

Baridi. Nimefua, nimeanika, upepo umeziangusha, nimeanika tena. Mama yuko kanisani, atachelewa.

Simu imelia. Namba ya Papa Déo. Nikaitikia, kimya. Pumzi tu, na nyuma yake redio. Kwa simu ni vigumu zaidi kwa wagonjwa wetu. Hakuna uso, hakuna mkono wa kuonyesha. Sikuuliza ni nani. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, simu sikioni, nikitazama nguo zinavyopepea.

"Neema," akasema.

"Naam, mama."

Nikaibana simu zaidi.

"Ume... umekula?"

Nikamwambia bado.

"Kula."

Akakata. Nimekaa kidogo. Kisha nikaenda jikoni, nikapasha wali wa jana, nikala.