Zaburi ya Makosa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, mguu umepungua uvimbe, na Baba anarudi nyumbani mapema kama alivyokuahidi. Na Bibi, bado anabishana na redio? Mimi ni mzima wa mwili. Ile homa niliyosafiri nayo ilikwisha, nakula vizuri, na shuka ulizonipa bado ninazo zote. Moyo ndio hauko sawa, na ndiyo maana naandika kirefu. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujamwita Baba.

Uliponiruhusu kuja kusaidia katika shule hii ya misheni, ulisema kazi ya Mungu ugenini itanifungua kinywa kabla sijaingia chuo cha uuguzi. Nimewekwa bweni la wadogo. Naogesha, navisha, nawalisha wasioweza kushika kijiko. Wengine ni yatima, wengine hawasikii, wengine viungo haviwatii. Kazi naipenda. Mtoto mwenye povu machoni hamuulizi mtu mbona yuko kimya.

Kuna msichana mmoja humu wanamwita Chiriku. Jina alipewa na mpishi, kwa utani, kwa sababu hajawahi kutamka neno. Mikono yake inaruka ovyo, shingo haikai, anashinda kwenye kiti cha magurudumu. Mguu wa kulia tu ndio unaomsikiliza. Ni mkubwa kuliko wenzake wote bwenini, lakini mwaka hadi mwaka anakaa na wadogo akifundishwa kwamba hii ni nyekundu na hii ni kijani. Huwa anaangalia dari. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo.

Sababu ni desturi ya hapa. Ili mtoto apande darasa la kusoma, lazima siku ya Jumapili ya Kupanda asimame mbele ya kanisa aseme zaburi ya mchungaji kwa kinywa chake. Akikwama, watu wote wanamsaidia kwa sauti mpaka amalize. Inapendeza sana kuona. Ila mtoto anayefika miaka kumi na miwili hajapanda, anarudishwa kwao, wapate nafasi wengine. Chiriku amefika. Kwao yupo bibi yake tu, anayekwenda shamba asubuhi na kumfungia ndani mpaka jioni. Bibi huyo alipokuja kumwona alituambia hivyo mwenyewe, hakuficha, alisema angefanyaje.

Sasa sikia. Wewe unajua kwamba mimi husema peke yangu maji yakimwagika. Siku moja namwogesha huku nasema hiyo zaburi, nikafika pale pa gongo na fimbo, nikatanguliza fimbo kama ninavyokosea tangu utotoni. Chiriku akapiga beseni teke. Nikadhani maji ni ya moto, nikaongeza ya baridi. Nikarudia, nikakosea palepale, akapiga tena. Nikaongeza ya baridi. Mtoto akawa anatetemeka meno, mimi bado nahangaika na maji, mpaka niliposema sawasawa na mguu ukatulia. Nikakosea kwa makusudi mahali pengine. Teke. Mama, nilikaa chini kwenye maji ya sabuni. Anaijua yote, neno kwa neno.

Nilimwambia mwalimu wa darasa lake. Akasema hata mbuzi ukimwogesha hupiga mateke, na kwamba wasaidizi wote wapya hupata muujiza wao mwezi wa kwanza. Nikaenda kwa Mama Mkuu, anayeongoza shule hii. Usimfikirie vibaya, ni mtu mwema kuliko wote hapa. Viatu vyake vimetoboka kwa sababu vipya huwapa watoto. Alinishika mikono, akaniambia amemwombea Chiriku ulimi kwa miaka, na tukipokea jibu dogo la mguu tutakuwa tumelifungia mlango lile kubwa. Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu. Nikasema ndiyo, Mama. Nikatoka nikaenda kuzikung'uta nguo zilizokuwa zimeshakauka.

Mpishi aliniona uani akanicheka. Alisema nikiendelea kumweleza Mama Mkuu huku naangalia vidole vya miguu yangu, Chiriku atapata wajukuu hapohapo kwenye kiti. Yeye ndiye aliyenipa sinia la bati. Kwa kuwa Mama Mkuu alikuwa ameruhusu nimsukume Chiriku mbele siku ya Kupanda na kumsemea zaburi, ili naye asijione ametengwa, mpishi alisema niliweke hilo sinia chini ya mguu wake, kisha nikosee, na kanisa zima lisikie anavyonisahihisha. Nilimwambia sijawahi kusema kitu mbele ya watu hata bila makosa. Akasema basi makosa hayatanipa tabu.

Jumapili ikafika. Nilieleza mwanzoni kwamba nitakosea kwa makusudi, lakini nadhani aliyenisikia ni Chiriku peke yake. Nikaanza. Mahali pa mchungaji nikaweka mpishi. Chiriku akagonga sinia, ngaa. Lakini papo hapo kanisa zima likanitajia neno sahihi, kwa upendo, kama wanavyowafanyia watoto. Nikakosea tena, wakanisaidia tena, akina mama wakapiga makofi ili nisivunjike moyo, mzee mmoja wa kwaya akasema kwa sauti endelea mwanangu, usiogope, hata sisi tulisahau. Chini ya kelele zote hizo Chiriku anagonga, shingo imemsimama, jasho linamtoka, na hakuna anayemsikia. Kadiri nilivyokosea ndivyo walivyonipenda. Mwishowe Mama Mkuu akaja kunikumbatia, akaanzisha wimbo. Chiriku akapiga sinia mpaka likaruka likaangukia safu ya mbele, na mwalimu wake akaliokota akaliweka kando, kama anavyoondoa kitu cha mtoto aliyechoka.

Mama, ninalotaka kukuambia ni hili, na nalisema mwenyewe kabla hujalisikia kwa wengine. Niliwaambia wanyamaze. Wewe uliyenifundisha kupiga goti nikipokea kikombe cha maji, jua kwamba sikusema naomba, sikusema samahani. Nilisema nyamazeni, kama mtu anayefukuza kuku, kanisani, mbele ya wazee wenye umri wa Bibi. Na walinyamaza. Nikalifuata sinia nikalirudisha chini ya mguu wake, nikasema zaburi upya. Kila nilipokosea, ngaa. Nilipopatia, kimya. Mpaka mwisho.

Ungedhani yalikwishia hapo kwa furaha. Mzee wa kanisa akasema huenda namfinya begani. Nikaomba basi mtu mwingine aseme, nami nitoke nje. Akakataa, hawezi kuliharibu neno la Mungu kwa kinywa chake. Mwalimu akakataa. Mama Mkuu alifungua mdomo, nikaona kweli anataka, kisha akaufunga. Amesema zaburi hiyo maisha yake yote bila kudondosha neno, nadhani ulimi wake haujui pa kukosea. Watu wazima wote wale, Mama, na hakuna hata mmoja aliyekubali kukosea kidogo ili mtoto asifungiwe ndani.

Baraza limekaa. Chiriku atabaki muhula mmoja wa kutazamwa. Kila Jumapili mtu atasimama mlangoni, mbali na kiti, mikono nyuma, amsemee zaburi mpya yenye makosa. Akizijua zote, atapanda. Walipouliza ni nani atakayekuwa mtu huyo, kila mmoja aliangalia kwingine. Mpishi angekubali, lakini ni mtu wa dini nyingine, hawakumruhusu. Nimebaki mimi.

Kwa hiyo mwezi ujao sitarudi, na nafasi ya chuo itapita. Najua ulivyohangaika kuipata. Usimwandikie Mama Mkuu anirudishe; ukimwandikia atanirudisha, kwa wema wake. Radhi kwa wale wazee nimekwisha kuomba. Nilinong'ona, mzee wa kanisa akaniambia nirudie nisikike, nikarudia. Radhi yako ndiyo ninayoingoja.

Nisalimie Baba, umweleze taratibu, akiwa ameshakula. Nisalimie Bibi na mdogo wangu, mwambie asivae sweta langu. Wasalimie na majirani, lakini haya mengine yabaki nyumbani. Jumapili hii ni ile zaburi ya kutazama milima. Nimeshachagua pa kukosea, na tangu leo najizoeza kwa sauti mbele ya nguo zilizoanikwa.

Ni mimi, kifungua mimba wako.