Mama Mkwe Anakuja Ukerewe

Masudi, uko wapi? Nimetoka kwa wakwe sasa hivi, hata kofia nimeiacha huko.

Si unajua ile safari ya kuizunguka Ukerewe na gari, mimi na Mariana tu? Tangu tuoane hatujatoka. Basi nimeenda naye Nyasubi kumwomba baba mkwe gari. Nikamweleza tutakavyovuka na kivuko, siku tatu kisiwani, tunasimama tunapopapenda.

Mzee akanipa ufunguo. Mara mama mkwe akatokea mlangoni: "Mkwe wangu, mimi nimeshafunga mzigo."

Mzigo! Mama mkwe!

"Nitakaa mbele. Nyuma huwa natapika."

Mbele, Masudi! Mimi Msukuma, huyu mama sijawahi hata kula naye meza moja. Leo tukae viwiko vinagusana siku tatu?

Nikamgeukia mke wangu aniokoe. Mariana akasema, "Mama ndiye ataendesha. Wewe ukiona ng'ombe barabarani unafumba macho."

Mzee akanyoosha mkono, nikarudisha ufunguo.

Sasa nijibu. Siku ile ya ng'ombe kule Mhunze, kwenye gari tulikuwa mimi na wewe tu. Mariana kajuaje?

Naona tiki za bluu, Masudi. Jibu.